Joto la Dar halitokani na ozoni kutoboka, ila gesi ya friji yako inatuhusu kuliko tunavyodhani

Kila mwaka ikifika Januari Februari, Dar ikianza kuchemka na watu wanalala madirisha yako wazi, lazima utasikia hii kauli: "ozoni imetoboka, ndo maana jua linaunguza hivi". Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia kwa mwalimu, nimeisikia kwa kiongozi anayepanda mti mbele ya kamera, na imeshazoeleka kiasi kwamba ukibisha unaonekana we ndo hujasoma. Ila siyo kweli. Joto la Dar halitokani na ozoni kutoboka, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kikemia, na mi naona kuyachanganya kumetugharimu, kwa sababu tunahangaika na kitu kilichopo Antaktika wakati kitu kinachotuhusu kweli kipo nyuma ya friji sebuleni na kwenye kibanda cha fundi hapo mtaani.

Tuanze na hewa yenyewe. Ukivuta pumzi sasa hivi, 78% ya ulichovuta ni naitrojeni, 21% oksijeni, karibu 1% ni argoni ambayo haina habari na mtu, na hapo hewa umeshaimaliza karibu yote. Vile vyote tunavyogombana navyo, kaboni dayoksaidi, methani, ozoni, gesi za friji, vinabanana kwenye kipande kidogo sana kilichobaki. Kaboni dayoksaidi inayoongoza kwa kuongeza joto ni molekuli 420 na kitu katika kila milioni moja, kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa kama 280. Ozoni ni kidogo zaidi ya hapo: ungeikusanya yote iliyoko juu ya kichwa chako ukaishusha mpaka usawa wa bahari, ingefika unene wa milimita 3 hivi. Hizo milimita 3 ndo zimesimama kati ya ngozi yako na mionzi ya UV inayoharibu DNA. Kwa hiyo mtu akikwambia anga ni kubwa sana binadamu hawezi kulibadilisha, mwambie hakuna aliyehitaji kulibadilisha lote, ilitosha kugusa hicho kidogo na ndicho tulichokigusa.

Ozoni ni oksijeni ileile, tofauti yake ina atomi 3 badala ya 2. Mwingereza Sydney Chapman alieleza mwaka 1930 inavyotengenezwa: kule juu, kilomita 15 mpaka 35 hivi, sehemu inayoitwa stratosfia, jua linapasua molekuli ya oksijeni vipande viwili, kila kipande kinaenda kujishikiza kwenye oksijeni nyingine nzima, inakuwa ozoni. Ozoni nayo ikipigwa na UV inaimeza ile nguvu, inavunjika, halafu vipande vinaungana tena. Kujenga na kubomoa kunaendelea mchana kutwa, na kiasi cha ozoni unachokuta pale ni matokeo ya spidi mbili zinazoshindana. Hili la spidi mbili lishike vizuri kwa sababu kila kinachofuata kinaanzia hapo, yaani ukitaka ozoni ipungue huhitaji kuzuia isitengenezwe, ongeza tu spidi ya kubomoa.

Na kuna jambo ambalo sikumbuki kulikuta kwenye kitabu chochote cha shule. Ozoni nyingi ya dunia inatengenezwa juu yetu sisi watu wa ikweta, maana huku ndo jua linapiga wima mwaka mzima. Lakini haikai. Upepo wa huko stratosfia unaichukua taratibu na kuipeleka kaskazini na kusini kuelekea kwenye ncha za dunia, kwa hiyo sisi tulio chini ya kiwanda ndo tunabaki na kidogo kuliko watu wa Ulaya au Kanada. Nairobi, idara ya hali ya hewa ya Kenya kwa kushirikiana na Uswisi imekuwa ikirusha maputo yenye vipimo vya ozoni tangu miaka ya 1990, na vipimo vya ukanda huu wa ikweta havijawahi kuonyesha tobo kama lile la Antaktika. Wembamba wa ozoni yetu ni wa asili, ulikuwepo kabla ya friji ya kwanza.

Hapa sipiti haraka kwa sababu kuna watu wanaumia. Ndugu zetu wenye ualbino wanapata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, na wazazi wengi wameambiwa shida ni ozoni kutoboka. Sasa fikiria mama anasikia redioni kwamba ozoni inapona, si atadhani jua la Shinyanga litapoa? Halitapoa. UV ya huku ni kali kwa sababu jua lipo utosini na ozoni yetu ni nyembamba kiasili, na itabaki hivyo hata tobo la Antaktika likiziba kesho asubuhi. Mtoto anahitaji kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya jua kama ile inayotengenezwa KCMC pale Moshi kwa ajili yao, na anazihitaji maisha yake yote. Ndo maana nasema kosa la sayansi siyo la kuachia liende, kuna mtu mahali fulani anaamua jambo la mwili wa mwanae kwa kutumia hilo kosa.

Sasa joto. Tobo la ozoni linatokea Antaktika, zaidi ya kilomita 6,000 kusini ya Dar, linaanza kufunguka kama Agosti, linakuwa kubwa Septemba na Oktoba, na kwa kawaida Desemba linakuwa limeshafunga. Yaani Januari ile unayolalamika, tobo lenyewe halipo. Na hata lingekuwa juu ya Kariakoo, UV inayopita pale ni sehemu ndogo sana ya nishati ya jua, itakuunguza ngozi na kukuharibu macho ila haitapandisha joto la mji. Joto linapanda kwa njia nyingine: ardhi ikishapokea jua inarudisha joto juu kwa mionzi ya infraredi, na gesi kama kaboni dayoksaidi, methani na mvuke wa maji zinaidaka ile infraredi isitoke. Dar ina ya kwake pia, unyevu wa bahari, zege, mabati, miti iliyokatwa kupisha majengo. Kutoboka kwa ozoni hakumo kwenye hiyo kesi.

Ila kuna sehemu moja haya mambo mawili yanakutana, nayo ni gesi ya friji.

Miaka ya 1920 friji zilikuwa zinatumia amonia, salfa dayoksaidi na methili kloridi, na ikivuja usiku watu walikuwa wanakufa ndani ya nyumba zao. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya General Motors ya Marekani iliyokuwa inamiliki Frigidaire, wakatengeneza gesi isiyowaka, isiyo na sumu, isiyokula chuma, wakachukua kaboni wakaizungushia klorini na florini. Mwaka 1930 Midgley akasimama mbele ya wanakemia wenzake, akaivuta kifuani, akaipumulia mshumaa ukazimika, kuonyesha kwamba haiui na haiwaki. Hizo ndo CFC. Zikaingia kwenye friji, AC za magari, sprei za nywele, magodoro ya sponji. Kwa miaka 40 kila mtu aliziona kama zawadi, na kwa kweli ziliokoa watu wengi majumbani.

Shida ilikuwa kwenye ile sifa yake nzuri, kwamba haishikani na kitu. Hewa yetu ina kiumbe kidogo kinaitwa hidroksili, oksijeni moja na haidrojeni moja, kinaishi kama sekunde moja tu ila ndo kinachosafisha angahewa. Kinazaliwa pale jua linapovunja ozoni kukiwa na mvuke wa maji, kwa hiyo jua kali na unyevu ndo chakula chake, kwa maana nyingine ukanda wetu wa tropiki ndo unaotengeneza hidroksili nyingi ya dunia. Methani ya ng'ombe wa Uholanzi na ya visima vya Siberia inazunguka hewani miaka kama 10 na sehemu kubwa inakuja kumaliziwa huku kwetu. Mi hilo huwa linanigusa sana, kwamba hewa hii ya joto na jasho tunayoilalamikia ndo inafanya usafi wa dunia nzima na hakuna anayeisema. Sasa hidroksili kwenye gesi nyingi za namna hii inafanya kazi kwa kung'oa haidrojeni. CFC haina haidrojeni hata moja. Msafishaji anaipita kama hajaiona, mvua haiyeyushi, na gesi inabaki inazunguka: CFC-11 miaka kama 50, CFC-12 karibu 100, mpaka siku inapopandishwa na hewa inayopaa hapa hapa tropiki na kuingia stratosfia.

Mwanasayansi James Lovelock alizipima kwenye safari ya meli kuelekea Antaktika miaka ya 1971 na 1972, akazikuta kila mahali, akaandika kwamba hakuna hatari. Sherwood Rowland na kijana kutoka Mexico, Mario Molina, wakiwa California, wakauliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: haya, kama haziharibiwi huku chini, mwisho wake ni wapi? Wakapiga hesabu, wakachapisha Juni 1974. Kule juu UV kali inaikata CFC, klorini inatoka, klorini inachukua oksijeni moja kutoka kwa ozoni, inakuwa klorini monoksaidi, hiyo inakutana na atomi ya oksijeni, klorini inaachiwa huru tena, inarudi kutafuta ozoni nyingine. Atomi moja ya klorini inaweza kubomoa ozoni kufikia laki moja kabla haijanaswa. Si unakumbuka zile spidi mbili? Mholanzi Paul Crutzen alishaonyesha mwaka 1970 kwamba oksaidi za naitrojeni zinafanya mchezo kama huo, na wote watatu walikuja kupewa Nobel ya kemia mwaka 1995.

Katikati hapo viwanda vilibisha sana, wakasema ni nadharia tu. Marekani ikapiga marufuku sprei za CFC mwaka 1978, halafu mambo yakapoa. Mpaka Mei 1985, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wa Uingereza wakatoa vipimo vya kituo cha Halley kule Antaktika, ambako walikuwa wanapima kwa mashine ya aina ileile tangu miaka ya 1950, na ozoni ya Oktoba ilikuwa imeshuka kwa theluthi moja na zaidi. Hakuna hesabu ya mtu iliyokuwa imetabiri kitu kikubwa hivyo. Satelaiti ya NASA ilikuwa imeona namba hizohizo ila zikawekewa alama ya kutiliwa shaka kwa sababu zilikuwa chini mno. Mi huwa nawaambia wanafunzi wa sayansi wasome hii habari mara mbili, watu watatu wenye mashine ya zamani na uvumilivu wa miaka karibu 30.

Kwa nini Antaktika na siyo New York iliyokuwa inamwaga gesi? Jibu alilibeba mwanakemia Mmarekani Susan Solomon aliyeongoza timu kule mwaka 1986. Wakati wa baridi hewa ya juu ya Antaktika inashuka chini ya nyuzi -78, yanatokea mawingu ya barafu kule stratosfia, na juu ya hivyo vipande vya barafu klorini iliyokuwa imefungwa kwenye mchanganyiko usio na madhara inafunguliwa, inakaa gizani inasubiri. Jua la Septemba likichomoza tu, inaanza kazi. Uchafu unatoka popote duniani, barafu ndo inachagua pa kupiga.

Septemba 16, 1987 nchi zikasaini Itifaki ya Montreal, mkataba wa kupunguza kemikali zinazobomoa ozoni, na hapa Afrika Mashariki tuna haki ya kusema tulikuwepo, maana UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, makao makuu yake ni Nairobi, aliyeyasukuma yale mazungumzo ni Mmisri Mostafa Tolba aliyekuwa anaiongoza kutoka pale Gigiri, na sekretarieti ya ozoni ipo Nairobi mpaka leo. Ni mkataba uliokuja kuridhiwa na nchi zote za dunia. Matumizi ya kemikali zilizolengwa yameshuka kwa 99%, na tathmini ya wanasayansi iliyotoka Januari 2023 inasema tukiendelea hivi ozoni itarudi kwenye hali ya mwaka 1980 kufikia 2040 sehemu nyingi za dunia, 2045 Aktiki na 2066 Antaktika. Kuna wataalamu walipiga hesabu dunia ingekuwaje bila huo mkataba, wakapata kwamba ikifika 2065 theluthi mbili ya ozoni yote ingekuwa imekwisha, na hapo ukanda wa tropiki nao usingepona. Kwa hiyo zile hofu hazikuwa za uongo, ziliepushwa.

Nabishana na wanaosema ozoni iliokolewa kwa sababu wananchi walielimika. Elimu ilisaidia, sawa, ila kilichofanya kazi ni mambo ya kuonekana: watengenezaji wa CFC walikuwa wachache unaweza kuwakalisha meza moja, mbadala ulikuwa unawezekana, mkataba uliruhusu kukazwa kila sayansi inaposema kaza, nchi isiyosaini ilizuiwa kufanya biashara ya hizo gesi, na ukawekwa mfuko wa fedha wa kuzisaidia nchi maskini kubadilisha mitambo, halafu nchi hizo zikapewa miaka ya ziada. Juu ya hayo kulikuwa na watu wanaopima. Mwaka 2018 wanasayansi wakasema CFC-11 haishuki kama inavyopaswa, kuna mtu anaitengeneza kwa siri, mwaka 2019 vituo vya Korea na Japani vikaonyesha sehemu kubwa inatoka mashariki ya China, majimbo ya Shandong na Hebei, na muda si mrefu utoaji ukashuka. Hewa yenyewe ilitoa ushahidi. Rwanda leo wana kituo cha aina hiyo juu ya mlima Mugogo na mi natamani Tanzania nayo iwe na cha kwake, siyo kwa fahari, ni kwa sababu nchi isiyopima hewa yake inaishi kwa namba za wengine.

Sasa njoo kwenye mbadala, maana hapa ndo pamejificha shida ya leo. Wanakemia walifanya kitu cha akili, waliirudisha haidrojeni kwenye molekuli ili hidroksili iweze kuishika. Zikaja HCFC kama R-22 iliyojaa kwenye AC zetu za zamani, ina klorini bado ila inadumu muda mfupi. Halafu zikaja HFC kama R-134a ya friji na magari, na R-410A ya AC za split, hizi klorini hazina kabisa, ozoni haziigusi. Tatizo la ozoni likaisha. Ila zinadaka infraredi vibaya sana. Kilo moja ya R-134a inaongeza joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100, R-410A ni kilo 2,088, R-404A ya vyumba vya baridi vya samaki na nyama inakaribia 4,000. Tukahamisha madhara kutoka kwenye ozoni kwenda kwenye joto.

Piga hesabu hii. AC ya split ya kawaida ina kama kilo moja ya gesi. Ikiwa ni R-410A, fundi akifungua ile kilo ikaenda hewani, ni tani 2 na kidogo za kaboni dayoksaidi. Lita moja ya petroli inatoa kilo 2.3 hivi. Kwa hiyo ile dakika moja ya kuachia gesi ni sawa na kuchoma lita 900 za petroli, bodaboda inayokunywa lita 2 na nusu kwa siku hiyo ni mwaka mzima barabarani. Dakika moja! Na inatokea kila siku mijini kwetu, na hakuna kwenye mjadala wetu wa mazingira anayeizungumza, tunazungumza mifuko ya plastiki.

Dunia ililiona hili, Oktoba 15, 2016 wakakutana Kigali wakaongeza marekebisho kwenye Itifaki ya Montreal, yanaitwa Marekebisho ya Kigali, yakaanza kutumika Januari 1, 2019. Wakitimiza ahadi zao, joto linaloepukwa kufikia mwisho wa karne linaweza kufika nusu nyuzi. Kundi la nchi zinazoendelea tulilomo sisi tulitakiwa kuacha kuongeza matumizi ya HFC kuanzia 2024, tunayapunguza 10% mwaka 2029, 30% mwaka 2035, 50% mwaka 2040, 80% mwaka 2045. Hizo tarehe ziko karibu kuliko watu wanavyodhani.

Na hapa ndo nataka tumzungumzie fundi. Fundi wa friji wa mtaani anakuja na geji, mtungi na kifaa cha kuchomelea bomba la shaba, akitaka kutengeneza anaachia gesi yote hewani. Najua wapo wanaomlaumu, mi simlaumu. Mashine ya kunyonya gesi na kuihifadhi ni bei kubwa kwake, hata akiinyonya hana pa kuipeleka, na mteja amesimama pale anamuuliza mbona unachelewa na hatalipa hata elfu tano ya huo muda. Hatuwezi kusaini mkataba Kigali halafu utekelezaji tukamwachia mtu anayelipwa kwa siku. Vyuo vya VETA vinafundisha fani hii na kila nchi ina kitengo chake cha taifa cha ozoni, basi kazi yao kubwa iwe hiyo: mashine za kunyonya gesi zikopeshwe kwa vikundi vya mafundi, kuwe na kituo kila mkoa kinachonunua gesi chafu kutoka kwa fundi kwa kilo, kama chuma chakavu kinavyonunuliwa. Ukimlipa mtu kwa gesi aliyoiokoa hutahitaji semina.

Mteja naye ana lake. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari, inazunguka kwenye bomba lililofungwa, inaweza kukaa miaka 15. Ukiona kila baada ya miezi michache unaambiwa "gesi imeisha, tujaze", ujue kuna tundu, na unalipa kujaza kitu kinachotokea upande wa pili. Mwambie fundi atafute tundu kwanza, alizibe, avute vakyumu, ndo ajaze. Na usikubali mtungi usiojulikana ulikotoka. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka huko Vietnam na Brazil, watu watatu wakafa, chanzo ni gesi feki iliyouzwa kama R-134a ambayo ndani yake ilikuwa na methili kloridi, ileile ya miaka ya 1920, ikakutana na aluminiamu ya kompresa ikatengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Mafundi wetu wanashika mitungi ya bei rahisi kila siku, hawa ni vijana wetu.

Friji mpya nyingi sasa zinatumia R-600a ambayo ni isobutani, ozoni haina habari nayo na kwa joto ni karibu na sifuri. Watu wanaiogopa kwamba inawaka. Inawaka kweli, ndo maana huchomelei bomba kabla hujaisafisha, ila kwenye friji inakaa gramu 50, 60 hivi, wakati jikoni una mtungi wa kilo 6 wa gesi ya kupikia na unalala vizuri. Ila tafadhali wale wanaojaza friji kwa hiyohiyo gesi ya kupikia waache, ule ni mchanganyiko, una unyevu na dawa ya harufu, presha yake siyo ya kompresa hiyo, na friji ya gesi nyingine haikutengenezwa kubeba kitu kinachowaka.

Linaloniuma zaidi ni mitumba. Makontena yanashusha friji na AC zilizochoka za Ulaya na Uarabuni, nyingine bado zina R-22, kwao kuzitupa kihalali ni gharama, kuzituma huku ni biashara. Kinachoingia ni gesi inayongoja kuvuja na kompresa inayokula umeme, mnunuzi anafurahia bei halafu analia na LUKU kila mwezi mpaka friji iishe. Ghana waliona hili, wakaanza kuzuia friji za mitumba mwaka 2013, na haikuwa rahisi, wafanyabiashara walikuwa na makontena yao bandarini, lakini walishikilia. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatakiwa kufanya hivyo kwa pamoja, maana Tanzania ikifunga Kenya ikaacha wazi, friji itapita Namanga.

Kuna hoja naiheshimu, kwamba sisi hatukuharibu hiyo hewa kwa nini tubebe mzigo. Ni kweli hatukuharibu, na ndo maana mkataba ulitupa muda na mfuko, na tunapaswa kuudai ule mfuko mpaka senti ya mwisho bila aibu. Ila kusema "siyo sisi" hakuzuii kontena kushuka. Mzigo wa kaboni dayoksaidi ni wa karne mbili na wenyewe wanajulikana, wakati hizi HFC tunaingia kwenye matumizi makubwa sasa, miji yetu inakua, joto linapanda, kila mtu anayepata pesa kidogo ananunua AC na ana haki ya kuipata, mtoto hospitalini anahitaji chanjo iliyokaa kwenye baridi. Sitaki mtu wetu hata mmoja aambiwe akae na joto kwa ajili ya dunia. Nataka baridi yake iwe kwenye mashine nzuri.

Zipo kazi nyingine kwenye kemia ya hewa, naitrasi oksaidi ya mbolea ambayo kwa sasa inaongoza kwa kuharibu ozoni katika vyote vinavyomwagwa, na gesi mpya za HFO zinazovunjika kuwa asidi isiyooza inayoishia kwenye maji, Ulaya bado wanabishana nayo. Ndo maana kwenye kuchagua mbadala mi nasimama na gesi za asili kama isobutani na propani kuliko kungoja kemikali nyingine ya miujiza.

Na serikali zianze na majengo yao. AC ya R-410A inayofungwa leo kwenye ofisi ya halmashauri ikidumu miaka 15 itakuwa inaomba gesi wakati ambao HFC tunazoruhusiwa kuingiza zimeshakatwa karibu nusu, bei imepanda, na fundi anahangaika na feki. Hilo linazuilika kwenye karatasi ya tenda: R-410A na R-22 hazipokelewi, R-290 (hiyo ndo propani) inapewa kipaumbele, pale isipopatikana R-32, HFC inayoongeza joto kidogo kuliko R-410A, kwa muda, na mkandarasi aonyeshe risiti ya gesi aliyoinyonya kutoka kwenye mashine ya zamani kabla hajalipwa.